Meza ya Bibi: harambee ya kumkumbuka mkunga wetu

Ndugu, jamaa na marafiki,

Wajukuu wa Bibi wamesema wazi: hawataki jiwe kubwa la kumbukumbu, wala picha yake kwenye fremu ukutani mwa wodi. Wanataka meza. Meza ya kumhudumia mtoto aliyezaliwa asilie, iliyotimia vifaa vyake, hatua chache tu kutoka kitanda cha kujifungulia. Sisi wauguzi na wakunga wa kikundi hiki tumeafikiana nao, na ndiyo sababu ya kuwaita kwenye harambee hii.

Waliomjua Bibi nyumbani wanamkumbuka akipima maji ya kumwogeshea mjukuu kwa kiwiko, kwa kuwa kiganja cha mtu mzima kimeshazoea moto. Waliojifungulia mikononi mwake wanaikumbuka saa aliyoitundika kifuani. Wa zamu yake wanakumbuka jambo dogo zaidi. Akiingia kazini, kabla hajashika faili hata moja, alichukua mfuko wa kupumulishia vichanga, akaziba barakoa ya mfuko huo kwa kiganja, akaubonyeza kwa nguvu. Vali ya usalama ikitoa mluzi, mfuko ni mzima. Ukinywea kimya bila ukinzani wowote, una tundu au vali imefungwa vibaya, nao haurudi mezani.

Kwa nini mfuko? Katika watoto 100 wanaozaliwa, wapatao 85 hupumua wenyewe. Kama 10 hivi huanza wakishakaushwa na kusuguliwa mgongo. Takriban 5 waliobaki huhitaji kusukumiwa hewa mapafuni, nayo lazima ianze ndani ya dakika ya kwanza, ile wakunga wanayoiita dakika ya dhahabu. Alama za Apgar za kupimia hali ya mtoto mchanga, zilizobuniwa na daktari Virginia Apgar mwaka 1952, huhesabiwa dakika hiyo ikishatimia. Anayezisubiri ndipo aanze kazi amekwisha kuchelewa.

Mtoto hukaushwa kwa kitambaa kikavu chenye joto, na kilicholowa huondolewa papo hapo. Mdomo na pua havifyonzwi ila vikiwa vimeziba, maana kufyonza ovyo hushusha mapigo ya moyo. Akiwa bado hapumui, kitovu hukatwa, analazwa mezani, kichwa kikiinuliwa kidevu kidogo kama anayenusa kitu. Kukikunja nyuma sana hubana njia ya hewa sawasawa na kukiinamisha. Barakoa ifunike kidevu, mdomo na pua, isifike machoni. Mibonyezo ni kama 40 kwa dakika, na jicho liko kifuani muda wote. Kifua kisipoinuka, barakoa hubandikwa upya, kichwa kinawekwa sawa, mdomo unasafishwa na kufunguliwa. Kubonyeza kwa nguvu zaidi ndiko kwa mwisho. Hapo ndipo wengi hukosea, wanaanza na nguvu.

Tunachangia mifuko 4 ya vichanga: 2 ikae mezani, 1 iwe kwenye begi la rufaa, na 1 ndiyo ile ambayo kila mara iko kwenye kusafishwa. Kila mfuko na barakoa zake mbili, namba 1 kwa aliyetimiza miezi na namba 0 kwa njiti. Tafadhali msituletee mifuko ya watu wazima. Pumzi moja ya mtoto wa kilo 3 ni kama mililita 15 hadi 20, kijiko kikubwa kimoja na ziada kidogo. Mfuko wa mtu mzima hubeba zaidi ya lita, na mkono wenye hofu hauwezi kuupima. Hata mfuko wa kichanga uliotumika hatuupokei, kwani mpira hupasuka kwenye mikunjo na vali ya kampuni moja haikai kwenye mfuko wa nyingine.

Kwenye orodha pia kuna vifyonzeo 6 vya mdomo na pua vinavyofunguka (visivyofunguka havisafishiki ndani, hilo halina mjadala), saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, hita ya kukifikisha chumba nyuzijoto 25, na sufuria yenye mfuniko ya kuchemshia vifaa. Muda wa kuchemsha huhesabiwa tangu maji yanapotokota, si tangu sufuria ilipotengwa. Baada ya hapo kila kipande kikauke kabisa kabla ya kuunganishwa, kwani unyevu hugandisha kile kiwambo chembamba ndani ya vali.

Asiye na fedha alete vitambaa vya pamba. Tunahitaji 60, kila mtoto atumie viwili. Vifuliwe mara moja au mbili kwanza, kwa sababu kitambaa kipya chenye wanga hakinyonyi maji.

Sehemu ya mchango itanunua wanasesere 2 wa mazoezi, na hapa tunaomba msione kama anasa. Hospitali 8 za Tanzania zilipofundisha wakunga mbinu hizi, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha vifo vya vichanga ndani ya saa 24 za mwanzo vikipungua kwa asilimia 47. Lakini mafunzo ya siku moja huyeyuka mikononi ndani ya miezi. Kila zamu itafanya mazoezi ya dakika 10 kila wiki, kwenye meza ileile, kwa mifuko ileile.

Mchango mkabidhini mweka hazina, msiondoke bila stakabadhi. Wa ahadi aandike jina, kiasi na tarehe ya kutimiza. Ununuzi utafanywa mara moja, siyo kidogo kidogo, ili vipuri vyote vioane. Hesabu itabandikwa kwenye ubao wa matangazo pamoja na nakala za risiti, na kitakachobaki ni cha kubadilishia barakoa zitakapochakaa.

Jina la Bibi litaandikwa ubavuni mwa meza kwa herufi ndogo. Wajukuu ndio waliochagua udogo huo. Droo yake haitawekewa kufuli, maana ufunguo huwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda kula.