Ndugu zangu wanataka kung'oa kahawa ya baba ili kumjengea kaburi

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mama wa watoto watatu, mtumishi wa umma hapa Dodoma, na mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa mzee mmoja wa Kibosho, mkoani Kilimanjaro, aliyefariki dunia mwezi Januari mwaka huu akiwa na umri wa miaka 81. Ninakuandikia kwa sababu namna ya kumkumbuka baba yetu imetugawa, na mimi mwenyewe nimeuongeza mgawanyiko huo kwa ulimi wangu.

Baba alizikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kama ilivyo desturi yetu, upande wa juu wa nyumba, karibu na mama yake mzazi, mahali ambapo mimea ya masale iliyopandwa zamani inaonyesha hadi leo alipolala bibi. Kaka yetu mkubwa, ambaye kikao cha ukoo kilimpendekeza na mahakama ya mwanzo ikamteua kuwa msimamizi wa mirathi, anataka kaburi lijengewe kwa vigae na kuezekwa kabla ya misa ya mwaka mmoja, ambayo tumeisogeza hadi tarehe 27 Desemba kwa kuwa wakati huo sote tutakuwa nyumbani kwa ajili ya Krismasi. Anataka pia eneo linalozunguka kaburi lisakafiwe, ili mahema na magari ya wageni yapate nafasi mwaka huu na miaka ijayo. Kila mtoto ametakiwa kuchanga shilingi 1,500,000. Mchango huo nitautoa bila manung'uniko. Kinachoniumiza ni kwamba ili nafasi hiyo ipatikane, itabidi ing'olewe mibuni 64, na mibuni hiyo 64 ndiyo ya mwisho ambayo baba aliipanda kwa mikono yake.

Naomba univumilie nieleze kahawa ilikuwa nini kwake. Tangu mwaka 1971, alipomuoa mama, baba alikuwa na daftari la kahawa. Kila msimu aliandika kilo alizopeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika, fedha alizolipwa, na katika safu ya tatu aliandika fedha hizo zilifanya kazi gani. Katika safu hiyo ndimo nilimoikuta ada yangu ya kidato cha kwanza, mabati ya nyumba, jeneza la bibi, na miwani ya mama. Mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa nchini, kikiwamo KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933, daftari halikuruka msimu hata mmoja. Baada ya mwaka 1989, mpango wa kimataifa wa kugawiana mauzo ya kahawa ulipovunjika na bei ikaanguka duniani kote, kilo zinabaki karibu zilezile lakini safu ya fedha inakonda ukurasa baada ya ukurasa, hadi unaona huruma kuisoma. Majirani wengi waling'oa mibuni yao wakapanda mahindi na nyanya, na sikuwahi kumsikia baba akiwalaumu, kwa sababu alijua kila nyumba ina watoto wa kulisha. Yeye aliendelea kupogoa, kuondoa maotea na kubeba samadi.

Alipokuwa amekwishapita miaka 65, umri ambao wengine hukabidhi jembe, alinunua miche chotara iliyotokana na kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu, ile inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, akaipanda upande wa juu wa nyumba. Wajukuu waliokuwa nyumbani likizo walichimba mashimo pamoja naye. Walimwita Meku, yaani babu, na kila Desemba wakati wa kumalizia mavuno alimpa kila mmoja kikapu chake kulingana na urefu wake, kisha jioni alipima mavuno ya kila mtoto kwa mizani na kuyaandika kwa jina, hata kama ni robo kilo. Mwanangu wa kwanza, ambaye sasa yuko chuo kikuu, bado anakumbuka kwamba mwaka 2013 alichuma kilo 7. Mjukuu akichanganya mbichi na mbivu, Meku hakumkemea. Alikaa naye chini na kuzichambua moja moja mpaka zikaisha.

Lazima niwe mkweli kuhusu upande wa pili. Anayeishi kihambani ni mdogo wetu, kitinda mimba, ambaye kwa desturi ndiye mwenye nyumba ya baba na ndiye anayemtunza mama. Yeye ndiye aliyemwogesha baba na kumgeuza kitandani kwa miezi mitano, wakati sisi wengine tulikuwa tukija mwisho wa wiki na kuondoka. Anasema dawa za kupulizia ni ghali, vijana wa kuchuma hawapatikani, na kwamba mtu akipiga hesabu ya nguvu zake haoni faida. Niliposisitiza kwamba mibuni ibaki, alinijibu kwa upole, "Dada, wewe unaipenda kahawa kwa simu." Sikuwa na neno la kumjibu, na mpaka leo sina. Kaka mkubwa naye hana nia mbaya. Aliona aibu siku ya mazishi watu waliposimama kwenye matope, na anaamini kwamba mzee aliyesomesha watoto sita hastahili kulala chini ya udongo mtupu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote isipokuwa mume wangu. Usiku wa nne kabla ya kifo chake, ilikuwa zamu yangu kulala naye hospitalini. Alikuwa hajasema kitu tangu mchana. Karibu na alfajiri alinishika kifundo cha mkono akasema, "Kahawa usiiache." Nikamjibu, "Sitaiacha, baba." Hakusema lingine. Hakukuwa na shahidi, na mimi ni binti aliyeolewa, ambaye kwa desturi ya kwetu hana kauli katika kihamba cha baba yake. Ninafahamu kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikubali mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, lakini sitafuti ardhi, na sitaki kumpeleka ndugu yangu yeyote mbele ya sheria. Nikiyatoa maneno hayo sasa, baada ya ugomvi, wataamini kwamba nimeyatunga ili nishinde. Nikiyanyamazia, nitakuwa nimemdanganya baba katika saa zake za mwisho.

Ugomvi wenyewe niliuanzisha mimi. Mwezi Septemba, kwenye kundi la familia la WhatsApp, niliandika kwamba wanataka kumzika baba mara ya pili. Kaka mkubwa alitoka kwenye kundi usiku uleule, na tangu siku hiyo hapokei simu zangu. Mama alisomewa ujumbe huo na mjukuu. Aliniambia tu, "Mwanangu, maneno hayo hukuyasikia kwangu wala kwa baba yako." Kuhusu kaburi na kahawa, mama hasemi lolote, akiulizwa, anasema tuzungumze wenyewe.

Kikao cha familia kimepangwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Naomba unishauri kuhusu mambo ambayo yananinyima usingizi. Je, maneno ambayo marehemu alimwambia mtoto mmoja yanawafunga watoto wote, au yalikuwa mzigo wangu peke yangu, ambao napaswa kuubeba kwa kulipa kibarua wa kuitunza mibuni bila kumtwisha mdogo wangu? Je, nimweleze mama kwanza, au nitakuwa ninamlazimisha mjane achague kati ya watoto wake? Halafu kuna hili la sale. Kwetu, aliyekosa hupeleka jani la sale kwa aliyemkosea, na anayeletewa hapaswi kulikataa. Nimekusudia kumpelekea kaka yangu, kwa kuwa nimemkosea kweli. Lakini naogopa kwamba nikilipeleka siku chache kabla ya kikao, nitakuwa ninamfunga mikono kwa kitu kitakatifu ili asiweze kunipinga. Je, nilipeleke sasa, au nisubiri uamuzi upite, hata kama mibuni itakuwa imekwisha kung'olewa?

Nilikwenda nyumbani mwezi Oktoba, na mdogo wangu akanikabidhi daftari la baba nilihifadhi. Nilidhani ukurasa wa mwaka huu ungekuwa mtupu. Nikakuta mtoto wake wa kiume mwenye miaka 12 ameandika, kwa penseli, kilo 86 zilizopelekwa hadi wakati huo, na kiasi cha fedha kilicholipwa. Safu ya tatu aliiacha wazi. Aliniuliza, "Shangazi, hapa tuandike nini?" Nilimwambia asubiri hadi Desemba.

Wako mtiifu,
Binti wa Kibosho,
Dodoma