Iddi Njema kutoka Bombo

Assalamu alaykum ndugu, jamaa na majirani,

Mwezi umeandama. Hapa Bombo, Uganda, harufu ya bizari imeamka kabla ya takbira. Nawatakia Iddi njema, nyinyi mliofunga na nyinyi mliotuvumilia tukisinzia mchana.

Ramadhani hii imeniachia jambo. Jioni moja pacha wa Nalongo, jirani yetu wa kabila la Waganda, walikuwa barazani wakingoja uji wa futari. Wao ni Wakristo, lakini uji haujawahi kuwapita. Mmoja, miaka saba, akanisikia nikizungumza Kiswahili na mke wangu, akauliza bila haya: "Haji, wewe ni mwanajeshi au mwizi?" (Haji! Hapa kila mwenye kanzu na ndevu ni Haji, hata asiyeiona Makka.)

Nilicheka hadi uji ukanipalia. Baadaye sikucheka. Enzi za Amini, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini na ya vizuizi vya barabarani, na majambazi nao wakakitumia kutishia watu usiku. Aliyelazwa kifudifudi akaambiwa "lete pesa" hakuisahau sauti ile. Amini aling'oka 1979, lakini bibi alimsimulia mama, mama akamkanya mtoto, na hofu ikamfikia mtu ambaye hajaona kizuizi hata kimoja. Mwaka 2005 Katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kiwe somo la lazima shuleni. Mwalimu ataingia darasani akute watoto wameshafundishwa kukiogopa nyumbani.

Nikawa tayari kumlaumu Nalongo. Binti yangu akanikatiza: "Baba, si wewe husema Waganda wana dharau?" Nimesema lini? Nimesema kila nikirudi sokoni na bei haikunipendeza. Sisi Wanubi, jamii ya Waislamu wa hapa Bombo, tuliokerwa miaka mingi kwa kuitwa watu wa Amini, tuna ndimi zetu pia.

Watoto wenyewe wana mpira mmoja tu, wa majani makavu ya mgomba, umefungwa kamba hadi umekuwa na pembe. Wachezaji hawatoshi, kwa hiyo binti yangu hukaa golini upande wa pacha, atake asitake. Juzi watoto wa mtaa wa pili walikuja wakamwita Mnubi, wakataka atolewe. Yule yule aliyeniuliza kama mimi ni mwizi akasimama mbele ya goli, mikono kiunoni: "Huyu golikipa yetu! Nyinyi toka!" Ngeli zilimshinda. Nikamwachia.

Nimetenga mkono wa Iddi: noti tatu za elfu moja, mpya, za watoto wote watatu. Nalongo, sahani yako ipo, usije na matoke. Na ukinisikia nimeanza tena kuwasema Waganda, nigongee ukuta.

Iddi Mubarak.