Machozi ya wakunga wa Poplar yana sababu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa mashabiki wa tamthilia ya Call the Midwife, inayosimulia kazi ya wakunga na watawa wa Kianglikana katika mtaa wa Poplar, mashariki mwa London, kuanzia mwaka 1957. Wapo wanaodai kwamba tamthilia hii, iliyoanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2012, inawaliza watazamaji kwa makusudi. Sikubaliani nao hata kidogo.

Dawa ya thalidomide, waliyopewa wajawazito kutuliza kichefuchefu, ilipoondolewa sokoni nchini Uingereza mwishoni mwa 1961, watoto wengi walikuwa wamekwisha kuzaliwa na mikono au miguu isiyokamilika. Tamthilia haikulikwepa jambo hilo, bali ilituingiza nyumbani kwa familia moja yenye mtoto wa namna hiyo, tukawaona wazazi wakijifunza kumpenda bila aibu. Nani angetazama hayo akabaki na macho makavu?

Tena si huzuni tupu. Mimi huguswa zaidi mkunga anapoinama na kutega sikio kwenye pembe ndogo iliyowekwa juu ya tumbo la mama, akisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, huku mama akimtazama usoni bila kupepesa macho, akingoja aone kama atatabasamu. Hapo hakuna anayetulazimisha kulia, na muziki wenyewe ukinyamaza, bado machozi hunitoka.

Mtazamaji wa miaka mingi