Watoto wangu mnaotaka unesi, ulizeni kabla baba hajauza shamba

Watoto wangu wa S.4 na S.6, yaani kidato cha nne na cha sita, mnaosubiri matokeo, na nyinyi wazazi mnaowalipia ada,

Mimi ni nesi mstaafu hapa Arua, Uganda, wengi mnaniita Sista mpaka leo ingawa yunifomu nilishaivua. Sikuwa na mpango wa kuandika chochote, nina maharage yangu ya kupalilia na wajukuu wa kuangalia, lakini kuna jambo nimeliona mwezi uliopita limenikaa kifuani, nikinyamaza nitakuwa nimewaona mnaelekea shimoni na mdomo nikaufunga.

Alikuja binti wa jirani asubuhi, mimi niko barazani nachambua mchele. Amevaa nyeupe, imepigwa pasi hadi mikunjo inakata, mkanda kiunoni, viatu vimeng'aa, na mkononi ana kavera, mfuko wa plastiki, yenye karatasi zake. Ombi lake ni nimsemee kwa inchaji wa helsenta, yaani mkuu wa kituo cha afya, apate kazi. Nilifurahi sana, huyu mtoto nimemjua tangu anabebwa mgongoni. Nikamwambia haya mama, nipe namba yako ya Baraza la Wauguzi niiandike. Akaniangalia. "Namba gani, Sista?"

Nikaomba ile kavera. Ndani kuna cheti kikubwa, mhuri mwekundu, jina la shule kwa maandishi ya dhahabu, na chini yake imeandikwa kwamba amehitimu kuwa nasing asistanti, yaani msaidizi wa nesi. Nikamuuliza mtihani wa bodi ya taifa mlifanya lini, akasema mtihani walitungiwa na madamu mwenye shule na huyo huyo akausahihisha. Wodini mlizoea wapi? Kwenye klinika ya madamu, wanafunzi zaidi ya thelathini, vitanda vinne. Miaka miwili! Na baba yake aliuza kipande cha shamba kile cha upande wa barabara ya Koboko, pale pazuri pa mihogo, ili alipe.

Nikaingia ndani nikaleta mashine yangu ya presha, nikamnyooshea mkono nikamwambia nipime. Akaukunja mkono wa gomesi yangu taratibu, akatafuta mshipa kwa vidole viwili, akafunga kitambaa pale panapotakiwa, na kabla ya kupampu akasema, "Pole mama, nitakubana kidogo." Hapo ndipo machozi yalinitoka, kwa sababu hiyo sauti hafundishwi mtu, huyo ni nesi kabisa, na hakuna wodi ya serikali nchi hii itakayomwandika kuwa nesi na karatasi zile.

Sasa sikilizeni vizuri. Uganda mtu hawi nesi kwa kuvaa nyeupe wala kwa kuhitimishwa na hoteli imekodiwa na muziki umepigwa. Tangu sheria ya mwaka 1996 kuna Baraza la Wauguzi na Wakunga, hao ndio wanaokuandikisha na kukupa laisensi ya kufanyia kazi, na hawakuandikishi kama hukusoma shule inayotambulika na kufaulu mtihani wa taifa, na huyo anayeitwa nasing asistanti hayumo kwenye daftari lao kama nesi. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya ada, kabla ya bweni, kabla ya kuuliza yunifomu ni rangi gani, ni hili: nikimaliza hii kozi Baraza litaniandikisha kama nani? Mwenye shule akianza kuzunguka, mara tuko kwenye process, mara karatasi ziko Kampala zinasainiwa, ondoka. Na usiishie kumuuliza yeye, maana mwenye duka hasemi unga wake una wadudu. Uliza Baraza lenyewe, uliza wizara ya elimu, na kama ni digrii uliza Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, wao wana orodha ya kozi walizozipitisha kwa kila chuo, na angalia na tarehe, kwa sababu kibali cha kozi kina mwisho wake, chuo kinaweza kuwa halali na kozi yako muda wake umeshapita.

Wazazi, na nyinyi nawasema. Mbuzi sokoni unamfungua mdomo unamtazama meno, unamshika mgongo, unabishana nusu saa kwa shilingi elfu tano. Shule ya mtoto unasikia tangazo redioni, "nafasi zimebaki chache", unatuma hela kwa simu siku hiyo hiyo. Kwenda Kampala ni nauli ya basi na usiku mmoja njiani. Shamba halirudi jamani.

Na sababu kubwa ya kuangukia shule hizi naijua, ni aibu. Mtoto amepata matokeo ya kawaida S.4, angeweza kabisa kuingia satifiketi ya unesi au ukunga kwenye shule ya kweli, mradi amefaulu Kiingereza, Hesabu, Bailojia, Kemia na Fizikia, akasoma miaka miwili na nusu akatoka na namba yake. Lakini mama anasema satifiketi ni ya walioshindwa, mwanangu ni wa digrii, basi mtoto anasukumwa S.5 kwa masomo asiyoyaweza, miaka miwili inapotea, S.6 anatoka na matokeo ambayo chuo hakiyataki, ndipo tangazo la redioni linaanza kusikika tamu.

Mimi mnayenisalimia kwa heshima nilianza na satifiketi. Vita vilitukimbiza kwenda Zaire nikiwa msichana, hiki Kiswahili changu nilikikomaza huko huko, tuliporudi sikuwa na wa kunilipia zaidi ya hapo. Nikafanya kazi wodi ya watoto miaka, usiku nasoma kwa taa ya mafuta ya taa, nikarudi shule kuongeza diploma nikiwa na watoto watatu, mdogo bado ananyonya, dada yangu ananiletea langoni saa ya chakula nimnyonyeshe nirudi darasani. Wasichana tuliosoma nao wengine walifika digrii, mmoja mpaka masters. Mwenye satifiketi anarudi kwa mwaka mmoja na nusu anapata diploma, mwenye diploma anaenda digrii, na Kampala pale Aga Khan wamekuwa wakisomesha manesi walioko kazini kwa miaka mingi. Ngazi ipo, na anayepanda na uzoefu wa wodi akifika juu hatetemeki akiona damu.

Lakini aliyefaulu vizuri S.6, ana Bailojia na Kemia nzuri, huyo aende digrii moja kwa moja na asirudishwe nyuma na mtu. Makerere wameanza digrii ya unesi tangu 1993, Mbarara wapo, Busitema wapo kwa upande wa Mbale, na Lira wana digrii ya ukunga. Ni miaka minne, halafu mwaka mmoja wa intaniship, yaani kazi ya mazoezi hospitalini, huo mwaka uwekeni kwenye hesabu zenu, maana watoto wengi wanakaa nyumbani miezi wakisubiri kupangiwa hospitali na wazazi wanadhani wamefukuzwa.

Mengine nayataja tu. Ukunga na unesi ni njia mbili tofauti, chagua ukijua, usichague kwa sababu rafiki yako amechagua. Wavulana, unesi ni wenu pia na hata ukunga. Anayependa kutibu akili za watu afikirie Butabika, hospitali ya taifa ya wagonjwa wa akili, huko kuna uhaba na watu wanaogopa bure. Usisomee unesi kwa sababu umekosa udaktari halafu ukaenda kuwamalizia hasira wagonjwa. Laisensi ikiisha, ihuishe kwa wakati. Kama unasikia kinyaa kwa kinyesi na matapishi, jipime sasa hivi, nenda kasaidie kumhudumia bibi yako mgonjwa mwezi mmoja ndio ujaze fomu.

Na hii ya kwenda ng'ambo, kwa sababu najua nusu yenu mnaingia unesi kwa ajili ya Uingereza. Sikukatazi kwenda. Lakini Uganda iko kwenye orodha ya nchi 55 ambazo Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilisema zina upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na Uingereza imewakataza waajiri na maajenti wao kuja kuwachota manesi kwenye nchi za orodha hiyo. Wewe mwenyewe unaweza kuomba kazi moja kwa moja, ukathibitisha Kiingereza chako na kupita mitihani yao, hiyo ni haki yako. Ila ajenti anayekaa kwenye lodge hapa Arua anakusanya pesa za "nafasi za UK", huyo muulize anachota kwa ruhusa ya nani.

Sitawalaumu nyinyi peke yenu. Viongozi wa Afrika walikaa Abuja mwaka 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya, na sisi hatujafika hapo. Matokeo yake ni haya, nesi mmoja usiku na wodi imejaa hadi sakafuni, mikeka mpaka chini ya vitanda, na wakati huo huo kijana mwenye laisensi yake mkononi anaendesha boda kwa sababu nafasi hazijatangazwa. Mara nyingi nimeshika kanula, kile kibomba cha dripu, mdomoni kwa sababu mikono yote miwili imeshika mtoto anayetapatapa na hakuna wa kunisaidia. Na shule za uongo zinafunguliwa barabarani na bango kubwa, kila mkubwa anapita na gari anaona, mpaka siku watoto wamalize pesa ndipo inafungwa, mwenye shule anahamia wilaya ya pili. Afungwe yeye basi, arudishe mashamba ya watu.

Yule binti nimekaa naye na baba yake mara mbili. Mzee alikuwa mkali kwanza, akasema mimi namuonea wivu, baadaye akanyamaza muda mrefu akiangalia chini. Matokeo ya binti ya S.4 tumeyatoa, yale masomo matano amefaulu yote. Kuna shule ya kweli inapokea maombi, ada yake ukigawa kwa mihula ni ndogo kuliko aliyolipa kule. Mjomba wake ametoa ng'ombe mmoja, mimi nitatoa yunifomu na mashine ya presha, ile ile. Jumatatu usiku tunapanda basi binti na mimi kwenda Kampala tuulize Baraza kwa mdomo wetu kabla hatujalipa hata shilingi, na kama kuna mzazi mwingine ana barua ya shule ambayo hana uhakika nayo aniletee nyumbani kabla ya Jumapili jioni niibebe.

Mama yenu, Sista