Mhariri, Rae Bareli iliwahi kumwangusha waziri mkuu

Mhariri,

Nimekuwa mnunuzi wa gazeti lako tangu enzi za wino kubaki vidoleni, na sijawahi kukuandikia. Nimemeza mengi. Hata ile picha ya daraja iliyochapwa kichwa chini miguu juu niliimeza. Lakini habari yenu ya juzi kuhusu jimbo la Rae Bareli kule India, anakotoka mbunge Rahul Gandhi, imenikwama kooni. Mwandishi wenu kaandika, bila hata kupepesa macho, kwamba jimbo hilo ni "ngome ambayo familia ya Gandhi haijawahi kuipoteza". Kisha akatupachikia kwamba Indira, bibi yake Rahul aliyekuwa waziri mkuu, alikuwa mtoto wa Mahatma Gandhi.

Hilo la pili nalimaliza haraka. Indira ni binti wa Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India. Ugandhi aliupata kwa mumewe, Feroze, Mparsi asiye na undugu wowote na Mahatma. Na huyo Feroze ndiye aliyechaguliwa na watu wa upande huo wa mkoa wa Uttar Pradesh mwaka 1952, na tena 1957. Akiwa bungeni aliikalia kooni serikali ya baba mkwe wake, mpaka kashfa ya Mundhra, ya fedha za shirika la bima la taifa, ikamng'oa waziri wa fedha, T. T. Krishnamachari, mwaka 1958. (Sijui mwaka ule chakula cha usiku nyumbani kwao kililiwaje.)

Sasa hilo la ngome. Mimi nimestaafu ukarani wa masjala ya mahakama, kwa hiyo mtaniwia radhi nikipandisha sauti, maana mwandishi wenu ameruka kesi ya uchaguzi ambayo kila aliyewahi kugonga muhuri kwenye jalada la namna hiyo anapaswa kuijua. Mwaka 1971 Indira, akiwa waziri mkuu, alimshinda mpinzani wake Raj Narain pale Rae Bareli kwa tofauti ya kura 111,810. Raj Narain hakwenda nyumbani kulia. Alifungua kesi Mahakama Kuu ya Allahabad. Waziri mkuu akapanda kizimbani mwenyewe Machi 1975, akahojiwa na wakili Shanti Bhushan, na jaji alikwishaagiza watu wasisimame mama huyo akiingia, kwa sababu ndani ya mahakama anayesimamiwa ni jaji. Tarehe 12 Juni 1975 Jaji Jagmohanlal Sinha akautengua ubunge wake na kumfungia kugombea kwa miaka 6. Na kwa kosa gani? Si kuiba masanduku, si kuua mtu. Ni kwamba Yashpal Kapoor, aliyemfanyia kampeni, alianza kazi hiyo kabla hajatoka katika utumishi wa serikali, na kwamba maofisa wa serikali ya Uttar Pradesh walimjengea majukwaa na kumpatia umeme wa vipaza sauti. Tarehe ya barua ya kujiuzulu na mbao za jukwaa, Mhariri! Vitu ambavyo kwingine watu huvipita wakicheka. Siku 13 baadaye, usiku wa tarehe 25, ikatangazwa hali ya hatari nchi nzima, wapinzani wakasombwa kwenda jela na magazeti yakafungwa midomo. Bunge likabadilisha sheria kwa kurudi nyuma, na Novemba Mahakama ya Juu ikamrudishia ubunge wake kwa sheria hizo hizo. Yote hayo yametokana na jimbo moja, hilo hilo ambalo gazeti lako linasema halina historia ila ya kushangilia.

Wapiga kura hawakuwa wamelala. Machi 1977, baada ya wanaume kukamatwa vijijini na kufungwa uzazi kwa nguvu, Rae Bareli ikamchagua Raj Narain yule yule, tofauti kura 55,202. Waziri mkuu aliye madarakani kaangushwa nyumbani kwake. Katika uchaguzi huo huo mwanawe, Sanjay, alianguka jimbo la jirani, Amethi.

Sasa nieleze habari yenu imenifanya nini. Barazani kwetu Ngamiani kijana mmoja wa bajaji aliisoma kwa sauti. Nikasema hapana, Indira aliangushwa pale, nakumbuka mzee wa Kigujarati mwenye duka jirani na mahakama alivyoifungulia redio mpaka mwisho na wateja wakasahau mizani. Kijana akanijibu, "Mzee wangu, gazeti limeandika." Tukawekeana: atakayeshindwa alipie kahawa na kashata za baraza zima. Mwamuzi akawa gazeti lako, na gazeti likanishinda. Nililipa. Muuza kahawa alipokuwa akigonga vikombe vyake kunipita, yule kijana akanipigapiga bega kunifariji: "Usijali mzee, umri nao unachangia." Baraza zima likacheka, na wewe Mhariri ndiye uliyewapa meno.

Na hata baada ya 1977 ngome hiyo haikukaa kimya. Indira alirudi 1980 akashinda, lakini alishinda na Medak pia, jimbo la kusini, akachagua kubaki na Medak. Rae Bareli ikaenda kwa Arun Nehru wa ukoo huo huo, kisha kwa Sheila Kaul, mke wa mjomba wake Indira. Mwaka 1996 na 1998 akachaguliwa Ashok Singh wa BJP, chama hasimu cha Congress ya akina Gandhi. BJP! Mara mbili mfululizo! Sonia, mama yake Rahul, amekuja kulishika 2004, na Rahul 2024 kwa kura zaidi ya 390,000. Amethi nako 2019 Rahul alipigwa na Smriti Irani wa BJP. Ngome gani hiyo yenye milango mingi hivyo?

Halafu nifungulie kurasa zenu za michezo. Kule hakuna kosa. Mchezaji wa akiba wa Arsenal akijikwaa mazoezini mnatuambia ni goti lipi, na mkikosea dakika ya bao simu zenu hazipumui siku hiyo. Nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja mnaipa robo ukurasa, juu ya tangazo la hati ya kiwanja iliyopotea, na aliyeandika hajajishughulisha kuuliza. Nilipiga simu chumba chenu cha habari. Binti aliyepokea, kwa adabu kabisa, akaniuliza kama nataka kuweka tangazo la msiba.

Ninachotaka si kikubwa. Jumamosi moja tu mziondoe zile nyota zenu, Nge na Mizani watavumilia, na nafasi hiyo muichape orodha ya wabunge wa Rae Bareli kuanzia Feroze hadi Rahul, Raj Narain na Ashok Singh kwa herufi nene. Nakala mbili mziagize Ngamiani: moja apewe kijana wa bajaji mkononi, ya pili mniwekee plastiki, maana pale barazani kahawa humwagika.

Msomaji wenu wa zamani,
Tanga