Hijabu mmeiandika, ngoma je?

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala yenu ya ukurasa wa burudani kuhusu wasichana watatu wa Indonesia wenye bendi iitwayo Voice of Baceprot, nikaikata na kuibandika kwenye ubao wa ofisi ya walimu ili wenzangu nao waisome. Ahsanteni kwa kuiandika. Hata hivyo nina dukuduku nalo, na naomba nafasi kwenye safu ya barua nilitoe. Hijabu imetajwa tangu mwanzo wa makala hadi mwisho, rangi yake imeelezwa, namna inavyofungwa imeelezwa, lakini hakuna mahali palipoandikwa nani kati yao anapiga chombo gani. Msomaji anafika mwisho akiwa anayajua mavazi yao na hajui kazi yao.

Basi niwaeleze wasomaji wenzangu. Firda Marsya Kurnia ndiye mwimbaji, na gita analipiga yeye mwenyewe. Widi Rahmawati anapiga gita la besi. Euis Siti Aisyah, ambaye wenzake wanamwita Sitti, anapiga dramu. Kwao ni Singajaya, katika wilaya ya Garut, Java Magharibi, sehemu ya vijijini iliyo mbali na makelele ya Jakarta. Bendi waliianzisha mwaka 2014 wakiwa bado wanafunzi kwenye shule ya Kiislamu. Wanachopiga ni roki nzito, ile ya metali, na wanaimba kwa Kisunda, lugha ya kwao, na kwa Kiindonesia na Kiingereza.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, na pamoja na vipindi vyangu vya Kiswahili nimepewa jukumu la malezi na ushauri nasaha. Kwa sababu hiyo, kitu kilichonikamata katika habari ya wasichana hawa ni kitu ambacho makala yenu haikukigusa kabisa. Aliyewaonyesha njia ni mwalimu wa ushauri nasaha wa shule yao, Cep Ersa Eka Susila Satia. Wao wanamwita Abah, kama sisi tunavyosema baba. Mwanzoni walikuwa kwenye kikundi cha maigizo. Mwalimu akaona kipaji chao kinaelekea kwingine, akawasogeza kwenye muziki. Ndani ya kompyuta yake wakakutana na nyimbo za System of a Down, bendi ya Marekani ya wanamuziki wenye asili ya Armenia, na tangu siku hizo hawakutaka tena muziki mwingine.

Mhariri, wanaofanya kazi yangu wanajua ni watoto gani wanaoletwa kwenye ofisi ya malezi. Analetwa yule anayejibu mwalimu, anayecheka wakati wa mstarini, anayepiga meza. Jina lenyewe la bendi hii, kwa Kisunda, ni la mtu mwenye kelele. Mwalimu wao angeweza kuwaandikisha barua ya onyo, awaitie wazazi, mambo yaishe. Yeye akawatafutia magita.

Shuleni kwetu nina binti wa kidato cha tatu ambaye ameshafukuzwa darasani kwa sababu ya vidole vyake. Akikaa, mkono wa kulia unagonga ukingo wa dawati kwa rula, wa kushoto unajibu kwenye kifuniko cha kiti, na kisigino kinashika pigo la chini sakafuni. Mikono miwili na mguu, kila kimoja na njia yake, na havigongani. Hakuna aliyemfundisha. Nilipomwonyesha Sitti kwenye simu yangu, hakusema lolote kuhusu ushungi. Aliinama karibu na kioo, akaniambia, "Mwalimu, rudisha pale mguu unapoingia." Tukarudisha, tukarudisha tena, mpaka kengele ya kipindi ikalia.

Wakati huohuo, stoo ya shule ina ngoma kubwa ya gwaride, ngoma ndogo mbili za waya na tarumbeta moja. Vinatolewa mahafali yakifika, au akija mgeni rasmi, vikishapigwa vinafutwa vumbi na kufungiwa. Ufunguo unao ofisi moja tu. Nimeomba mara kadhaa vitumike jioni, baada ya masomo, na jibu ni kwamba vitaharibika. Chombo cha muziki kinaharibika zaidi kisipopigwa. Ngozi inakauka, waya unashika kutu.

Nirudi kwa Wasunda. Ninachotaka wasomaji wakione ni kwamba wasichana hawa hawakuokotwa na bahati kwenye mtandao. Mwaka 2018 walitoa wimbo wao School Revolution, wakiulalamikia ndani yake mfumo wa shule unaombana mwanafunzi asiwe yeye mwenyewe. Kama mwalimu nimeusikiliza kwa makini na sikuona utovu wa nidhamu humo. Nimeona watoto wanaosema kwa sauti kile ambacho wenzao wanakuja kuninong'oneza ofisini. Mwaka 2021, dunia ikiwa bado inahangaika na korona, walikwenda kupiga Ulaya kwa mara ya kwanza. Mwaka 2022 walipanda jukwaani Wacken, kijiji cha kaskazini mwa Ujerumani ambako mashabiki wa metali wamekuwa wakikusanyika wakati wa kiangazi tangu 1990. Mwaka 2023 walitoa albamu yao Retas na kuzunguka Marekani. Tarehe 28 Juni 2024 wakapiga kwenye tamasha la Glastonbury, Uingereza, wakiwa bendi ya kwanza kutoka Indonesia kufika pale. Tom Morello, aliyekuwa mpiga gita wa Rage Against the Machine, bendi ya roki ya Marekani, amewasifu hadharani, na mtu yule hasifu mavazi. Hesabuni wenyewe: kutoka chumba cha shule ya kijijini mpaka Glastonbury ni miaka kumi. Bendi nyingi za wanaume hazifiki huko, na nyingine huvunjika kwa kugombania posho kabla hata ya albamu ya kwanza. Hawa watatu wamefika huko wakiwa pamoja.

Na hawakupita njia iliyofagiliwa. Wametukanwa, wametishiwa kuuawa, wamewahi kutupiwa jiwe lenye karatasi ya matusi. Wamesemwa na watu wa dini, wamesemwa na majirani. Mwaka 2022 walijibu kwa wimbo, na wimbo wenyewe ni dua: mwimbaji anamwambia Mungu kwamba yeye si mhalifu wala si adui wa mtu, anataka aimbe tu. Mimi ni Mwislamu, nimelelewa kwenye chuo cha Kurani, na najua masheikh wamehitilafiana kuhusu ala za muziki tangu enzi na enzi. Anayeona haifai namheshimu. Lakini dua ile niliposikia nilisimamisha kazi niliyokuwa nayo mkononi, kwa kuwa hakuna anayemwomba Mungu ruhusa ya jambo kama hamwamini.

Sasa nieleze wanavyopiga, maana hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mtazameni Widi. Besi haipigi kwa kuipapasa. Anaupiga uzi mnene kwa ubavu wa kidole gumba, kisha anaudonoa ule mwembamba kwa kidole cha shahada, na sauti inatoka kavu, ina kishindo, utadhani kuna ngoma ya pili jukwaani. Ni ufundi wa kuumiza vidole, na haupatikani kwa wiki mbili tatu. Marsya anaanza ubeti kwa sauti ya kawaida, karibu na ya kuzungumza, halafu kiitikio kikija anaitoa sauti tumboni, nzito, yenye kukwaruza, huku mkono wake wa kushoto haujaacha kutembea kwenye shingo ya gita. Kuimba hivyo na kupiga gita kwa pamoja ni kazi ya watu wawili. Nyuma yao Sitti anawashikilia. Bendi ya watu watatu haina pa kujificha: dramu ikitetereka nusu pigo, kila mtu uwanjani anasikia. Na wanapoimba kuhusu mwili wa mwanamke kutokuwa mali ya umma, wimbo mwingine wa mwaka 2022, wanakuwa wamelisema wenyewe jambo la mavazi na miili yao, tena vizuri kuliko makala yoyote.

Ukanda huu wetu ulipaswa kuwa wa kwanza kuwaelewa. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri akiwa mwanamke Mwislamu aliyejistiri, na tunamtaja hadi leo kwa sauti yake. Bi Kidude alipofariki mwaka 2013, hakuna aliyemlilia kwa ajili ya kanga. Tulililia ile sauti na ile ngoma ya msondo aliyoifunga kiunoni. Tunajua kumsikiliza mwanamke aliyefunika kichwa. Kwa nini tunapofika kwa mabinti wa Java masikio yanafunga, yanabaki macho?

Naomba mambo mawili. La kwanza ni kwako, Mhariri. Mkiwaandikia tena hawa, au mkimwandikia binti yeyote wa hapa kwetu anayepiga chombo, mwandishi wenu aulize alifundishwa na nani, anafanya mazoezi wapi, chombo ni chake au cha kuazima, na kimegharimu kiasi gani. Wazazi wanaosoma gazeti lenu wanahitaji hayo kuliko rangi ya mtandio. Mzazi mmoja aliniuliza kama kuna mahali binti anaweza kusoma muziki akapata cheti. Nilimtajia chuo cha sanaa cha Bagamoyo na kile cha muziki kilichoko Mji Mkongwe, Zanzibar. Alikuwa hajawahi kuvisikia vyote viwili, na gazeti analinunua kila siku.

La pili ni kwa wakuu wa shule wanaosoma safu hii. Muziki ni somo, lina mtihani wake wa taifa, ingawa shule zinazolifundisha ni chache mno. Tunapokwenda kwenye mashindano ya shule tunapeleka kwaya na ngoma za asili, na wasichana wanawekwa kuimba na kucheza, wavulana wanakaa kwenye ngoma. Msimu ujao mpangeni binti kwenye ngoma kubwa. Fungueni stoo saa tisa na nusu alasiri, mwalimu mmoja akae nao, mfunge saa kumi na moja. Kwa shule yangu niko tayari kukaa mimi, na nimeshaliandika hilo kwenye barua iliyoko mezani kwa uongozi, pamoja na jina la yule binti wa kidato cha tatu.

Wako,
Mwalimu wa malezi, Chumbageni, Tanga