Dira na ramani hazina kaskazini moja

Mhariri,

Makala yenu kuhusu usomaji wa ramani jeshini imeeleza kontua (mistari ya mwinuko wa ardhi) na rangi vizuri. Ilipofika kwenye dira, ikamwambia msomaji apime pembe kwenye ramani, aiweke kwenye dira, kisha aanze safari. Kuna hatua imerukwa hapo, na ndiyo inayopoteza watu wengi.

Kaskazini ziko tatu. Ya kweli inaelekea ncha ya dunia, ya gridi inafuata mistari ya wima iliyochorwa kwenye ramani, na ya sumaku ndiyo inayoonyeshwa na sindano. Askari anashughulika zaidi na hizi mbili za mwisho. Tofauti kati ya hizo mbili huandikwa pembezoni mwa ramani, mara nyingi kwenye mchoro mdogo wa mishale mitatu, pamoja na mwaka ilipopimwa na kiasi inachobadilika kila mwaka. Mwaka huo haujawekwa kama pambo: badiliko la dakika 6 kwa mwaka (dakika 60 za pembe ni nyuzi 1), kwenye ramani yenye umri wa miaka 30, linafika nyuzi 3 nzima.

Tuseme kipimapembe kimekupa nyuzi 70 kutoka mstari wa gridi, na kaskazini ya sumaku iko nyuzi 8 magharibi ya kaskazini ya gridi. Sindano inaanza kuhesabu kutoka kushoto zaidi, kwa hiyo pembe yake ni kubwa zaidi. Unajumlisha, dira unaiweka 78. Ingekuwa mashariki ungetoa, ukapata 62. Aliyesahau hesabu hii kabisa, akifika kilomita 3 yuko zaidi ya mita 400 kando ya alipokusudia. Aliyekumbuka lakini akatoa badala ya kujumlisha yuko pabaya zaidi: amekosea nyuzi 16, sawa na zaidi ya mita 800, tena anatembea kwa kujiamini kwa sababu hesabu ameifanya. Ndiyo maana mimi siamini vibwagizo vya kukariri vya lini ujumlishe na lini utoe. Chora mishale miwili kwenye kona ya karatasi, uone wa sumaku uko upande gani. Ukisoma pembe kwenye dira ukaitaka kwenye ramani, hesabu inageuka: ulipojumlisha, sasa unatoa.

Jambo la pili ni vipimo. Dira nyingi za kijeshi zina duara mbili, moja ya nyuzi 360 na nyingine ya mili 6400, kipimo kidogo zaidi cha pembe. Mili 1600 ni nyuzi 90. Kiongozi akitamka "320" bila kutaja kipimo, mwenye nyuzi ataelekea kaskazini-magharibi, mwenye mili ataelekea nyuzi 18, yaani mashariki kidogo tu ya kaskazini.

Chuma nacho kina vurugu zake. Umbali wa tahadhari unaofundishwa jeshini ni nusu mita kutoka kwenye bunduki, mita 18 kutoka kwenye lori na mita 55 kutoka kwenye nyaya za umeme mkubwa. Kwa hiyo anayeweka dira juu ya boneti ili mkono utulie anajiharibia kazi.

Kuhusu namba sita za gridi, yaani tarakimu sita za kutajia mahali kwenye ramani, mlisema zinaonyesha "mahali hasa". Zinaonyesha mraba wa mita 100 kwa 100. Ukitaka mita 10, taja namba nane. Na namba za kwenda mashariki husomwa kwanza, za kwenda kaskazini baadaye.

Hata mwenye hesabu safi hupotoka, kwa kuwa kosa la nyuzi 1 tu ni kama mita 17 kwa kila kilomita. Mwenye ujuzi hujipangia kosa lake mapema. Daraja likiwa mtoni, kilomita 3 mbele, halengi daraja lenyewe. Huongeza nyuzi 5 hivi kwenye pembe ili aufikie mto upande wa kulia wa daraja. Akiuona mto anajua daraja liko kushoto kwake, wala hasimami ukingoni akijiuliza ageukie wapi. Anayelenga daraja moja kwa moja akalikosa kwa mita 60 katika kichaka kizito hana cha kumwambia liko upande gani.

Msomaji wenu